Common App au fomu ya chuo chenyewe? Muulize kwanza mwalimu atakayekuandikia barua

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Nilifanya KCSE mwaka jana hapa Malindi nikapata A ya kutoa. Kwa sasa namsaidia mama dukani huku nikijitayarisha kuomba vyuo vya Marekani, nianze masomo Agosti mwakani. Kwenye orodha yangu kuna vyuo viwili vinavyopokea Common App na pia vina fomu zao wenyewe kwenye tovuti. Rafiki yangu ananiambia ukijaza fomu ya chuo chenyewe wanaona unakipenda zaidi. Kaka yangu anasema nijaze zote mbili nisije nikakosa. Ada ya maombi ni shida kwetu. Tena mwalimu wangu wa kemia, ambaye ndiye ningependa aniandikie barua, hana kompyuta. Nifanyeje?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na hongera. A ya kutoa haiokotwi njiani.

Nitakupa jibu lenyewe kwanza, halafu tulifungue pole pole. Tumia Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, kwa kila chuo kinachoipokea, vikiwemo hivyo viwili. Fomu ya chuo chenyewe ijaze pale tu ambapo hakuna njia nyingine, au pale ambapo umepiga hesabu ukaona inapunguza mzigo. Na mzigo ninaousema si wako, ni wa mwalimu wako wa kemia. Umemtaja mwisho kabisa kana kwamba ni jambo dogo, lakini kwangu mimi yeye ndiye anayeamua uchaguzi huu.

Kabla sijafika kwake, tuondoe kitu kimoja ambacho nimekiona kikiwasumbua watoto wengi wa Kenya. Sisi tumezoea KUCCPS, mfumo wa serikali wa kuwapanga wanafunzi vyuoni. Unajaza fomu moja, unapanga kozi zako, halafu mfumo unaangalia alama na kukupanga chuoni. Kwa hiyo mtoto akisikia "fomu ya pamoja" anadhani Common App nayo inapanga watu. Haipangi mtu. Ni kama bahasha moja yenye nakala nyingi. Unajaza habari zako mara moja, nazo zinapelekwa kwa kila chuo ulichokichagua, na kila chuo kinakaa peke yake na kuamua peke yake. Chuo cha kwanza kikikukataa, cha pili hakiambiwi.

Ilianza hivyo tangu 1975, wakati vyuo 15 vya binafsi vya Marekani vilipokubaliana kupokea karatasi ya aina moja ili mwanafunzi asiandike jina la baba yake mara kumi na tano. Ulikuwa unaijaza, unatoa kopi, unatuma kwa posta. Mwaka 1998 ikaingia kwenye intaneti, na leo vyuo vinavyoipokea vimepita 1,000. Akaunti moja inaruhusu vyuo 20.

Sasa rafiki yako. Ana nia njema lakini amekosea. Chuo kinapopokea fomu za aina mbili, mara nyingi husema wazi kwenye tovuti yake kwamba hakipendelei yoyote, na hicho si kisingizio. Maombi yako yakifika, yanaingizwa kwenye mfumo wa chuo, na afisa anayesoma anafungua faili: alama, insha, barua za walimu, shughuli zako. Anasoma faili nyingi kwa siku. Hakai akajiuliza huyu alipitia mlango gani.

Mapenzi yako kwa chuo yanaonekana mahali pengine. Ndani ya Common App, ukishakiongeza chuo kwenye orodha yako, mara nyingi kunafunguka maswali ya chuo hicho peke yake. Chuo Kikuu cha Chicago ndicho mfano ninaoupenda. Zamani kilikuwa na fomu yake, na kwa fahari kabisa wakaiita "Uncommon Application", yaani fomu isiyofanana na za wengine. Baadaye kilijiunga na Common App, lakini maswali yake ya ajabu hakikuyaacha. Yamo humo humo mpaka leo, yanamngoja mwanafunzi baada ya kumaliza ile sehemu ya pamoja. Watoto wengi wanatumia miezi mitatu kung'arisha insha kubwa ya maneno 650, halafu maswali ya chuo wanayajibu usiku wa mwisho kwa sentensi ambazo zingefaa chuo chochote duniani. Hapo ndipo unapojulikana kama unakipenda chuo au umesikia jina tu. Zile saa ambazo ungetumia kujaza fomu ya pili zipeleke huko.

Kaka yako naye anakupenda, lakini ushauri wake ni wa hatari zaidi. Usitume fomu mbili kwa chuo kimoja kamwe. Nilikuwa na mwanafunzi, miaka kadhaa nyuma, aliyefanya hivyo bila kuniambia. Alituma Common App mwezi wa kumi na mbili, akaingiwa na wasiwasi, akajaza na fomu ya chuo kwa barua pepe nyingine. Kwenye fomu ya kwanza aliandika majina mawili, ya pili matatu. Chuo kikafungua mafaili mawili. Barua za walimu zikaingia faili moja, slipu ya matokeo ikaingia jingine, na mafaili yote mawili yakakaa yakisubiri karatasi. Tuligundua mwezi wa pili, alipoandikiwa kwamba maombi yake hayajakamilika. Nilipiga simu, nikaandika, nikabembeleza. Walimjibu kwa upole kwamba muda umepita. Sijasahau uso wa yule mtoto siku ile, ndiyo maana jambo hili nalirudia kwa kila anayekuja kwangu: chuo kimoja, fomu moja, barua pepe moja, na majina yaliyo kwenye pasipoti yako. Kama majina ya KCSE na ya pasipoti hayafanani, shughulikia hilo sasa hivi, usingoje.

Twende kwa mwalimu wako.

Vyuo vingi vya Marekani vinavyochagua sana vinataka barua ya mwalimu mmoja au wawili, na juu ya hapo ripoti ya shule pamoja na barua ya mshauri wa wanafunzi. Kwetu mshauri huyo huwa ni mwalimu mkuu, deputi, au mwalimu wa ushauri na uelekezaji. Kwenye Common App unaandika barua pepe ya mwalimu, anapokea mwaliko, anafungua akaunti yake, anajaza fomu na kupandisha barua yake mara moja. Wewe ndiye unayemuunganisha na vyuo. Barua ile ile inaenda kwa chuo cha kwanza, cha tano na cha kumi bila yeye kugusa tena kitu. Kwa fomu za vyuo vyenyewe, kila chuo kinamtumia kiungo chake, kila kiungo kina paswadi yake, na kila ukurasa unamuuliza upya amekufundisha miaka mingapi, yeye ni nani, shule iko wapi.

Nimemwona mwenzangu mmoja katika hali hiyo. Jumamosi, saiba ndogo karibu na stendi ya matatu, barua yake iko kwenye flashi, simu iko mkononi kwa sababu viungo vimekuja kwa simu na inabidi avinakili herufi kwa herufi kwenye kompyuta. Alikuwa amekubali kuwaandikia watoto watatu. Chuo cha kwanza kikampita vizuri. Cha pili kikamtaka barua iwe ya PDF, akamwita kijana wa saiba amgeuzie. Cha tatu ukurasa ukajifunga katikati ya kujaza na kila kitu kikafutika. Kufikia saa kumi na mbili jioni alikuwa amemaliza vinne, amelipia saa zote hizo mfukoni mwake, na viungo sita bado havijafunguliwa. Yule ni mwalimu mwema kuliko wengi niwajuao. Lakini Jumatatu alikuwa na mitihani ya kusahihisha, na vile sita sina hakika kama vyote vilifika.

Kwa hiyo ukichagua fomu, unachagua pia ni Jumamosi ngapi za mtu mwingine utazichukua. Orodha ya vyuo tisa kwa Common App ni kazi ya asubuhi moja kwa mwalimu. Vyuo hivyo hivyo kwa fomu tisa ni kazi ya kumchosha mpaka barua ya mwisho iwe fupi kuliko ya kwanza.

Kutokuwa na kompyuta si kikwazo kikubwa. Nenda shuleni mwenyewe, usipige simu tu. Mpelekee karatasi moja yenye majina ya vyuo, tarehe za mwisho, na mambo mawili matatu ya darasani ambayo huenda ameyasahau: ile siku uliyobaki maabara kurudia jaribio, au mada uliyoshindwa kidato cha pili ukaishinda kidato cha tatu. Mwombe aandike kwa mkono akipenda, kisha akae na deputi au karani wa shule kwenye kompyuta ya ofisini, aipandishe mwenyewe. Nauli na bando, kama unaweza, uwe umeziandaa wewe. Na kama intaneti ya shule haitabiriki kabisa, Common App ina fomu ambazo mwalimu anaweza kuzijaza nje ya mtandao, ila hizo itabidi azitume kwa kila chuo, na hapo faida niliyoieleza inapungua.

Jambo moja nakuomba usilifanye hata kama utashauriwa na mtu mzima. Usimfungulie mwalimu barua pepe ukabaki na paswadi mkononi. Najua linafanyika. Mtoto anafungua anwani kwa jina la mwalimu "kumrahisishia", halafu anajikuta ndiye anayejibu maswali na kuandika barua. Huo ni udanganyifu, na chuo kikiugundua kinaweza kukunyang'anya nafasi hata baada ya kukupa. Tena unamnyima mwalimu haki yake ya kusema anavyokujua, kwa maneno yake.

Kabla hujamwalika yeyote, fomu itakuuliza kama unaachilia haki ya kuzisoma barua hizo baadaye. Sheria ya Marekani inakupa haki hiyo, lakini achilia, ili chuo kiamini kwamba mwalimu aliandika kwa uhuru. Ukishatuma mwaliko jibu hilo halibadiliki, kwa hiyo lisome kwa utulivu.

Kuna vyuo ambavyo havikupi nafasi ya kuchagua, na viwili ndivyo ninavyoulizwa zaidi.

MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, haimo kwenye Common App. Ina fomu yake, na ni fomu iliyofikiriwa. Badala ya insha moja kubwa kuna maswali mafupi kadhaa, na badala ya shughuli kumi wanakuomba nne tu zilizo na maana kwako. Wanataka barua ya mwalimu wa hesabu au sayansi, na nyingine ya mwalimu wa lugha au masomo ya jamii. Usijaribu kuikata insha yako ya Common App vipande vipande ukaitia humo, inajulikana. Lakini kwa mtoto wa hali yenu, MIT inastahili hiyo kazi ya ziada, kwa sababu ni miongoni mwa vyuo vichache vinavyomfikiria mwanafunzi wa nje bila kuangalia kama familia yake ina pesa, na akipita wanamjazia pengo la pesa. Harvard, Yale, Princeton na Amherst nazo hufanya hivyo, na hizo zote unazifikia kwa Common App. Kama mwalimu wako atakubali Jumamosi moja ya ziada, mwombe akuandikie na ya MIT.

Chuo Kikuu cha California ni habari nyingine. Kina fomu moja kwa kampasi zake tisa za shahada ya kwanza, zikiwemo Berkeley na Los Angeles, na maombi hupokelewa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Novemba. Unachagua maswali manne kati ya manane, kila jibu lisizidi maneno 350. Kwa kawaida hawataki barua za walimu wakati wa kuomba, wala hawaangalii mtihani wa SAT. Kwa hesabu yangu ya Jumamosi za mwalimu, hii ingekuwa fomu bora kuliko zote. Lakini ada ni dola 95 kwa kila kampasi kwa mwanafunzi wa nje, bila msamaha, na gharama ya mwaka mmoja kwa mtu asiye mkazi wa jimbo hupita dola 70,000, na ufadhili kwa wageni ni kidogo mno. Nimewaona watoto wakitumia pesa za kuuza mbuzi kuomba kampasi tatu, wakakubaliwa, barua zikabaki kwenye droo. Kama hamna mfadhili wa nje, usiombe huko.

Na hapo tumefika kwenye pesa. Ada ya kuomba kwa vyuo vingi ni kati ya dola 50 na 90. Chuo cha dola 75 ni karibu shilingi 10,000, na vyuo tisa kwa bei hiyo ni pesa za kumtikisa mama yako dukani. Lakini kuna vyuo vizuri visivyotoza chochote. Grinnell, Carleton na Colby ni mifano. Pia kuna msamaha wa ada, na ndani ya Common App kuna mahali pa kuuomba mara moja, mshauri wako wa shule akathibitisha hali yenu. Vyuo vingine huukubali kwa wanafunzi wa nje, vingine hukataa, kwa hiyo ukikataliwa andikia ofisi ya udahili barua fupi, ya heshima, bila kulia. Eleza mama anafanya kazi gani na anapata kiasi gani. Nimeona barua za mistari sita zikijibiwa kwa siku mbili. Wakati mwingine fomu ya chuo chenyewe ni bure na Common App inatozwa kwa chuo hicho hicho. Hiyo ndiyo sababu moja ya haki ya kuchagua fomu ya chuo, ila uliza kwanza kama watakusamehe kwenye Common App, kwa sababu unachookoa wewe usije ukamlipisha mwalimu. Pale ambapo kulipa hakukwepeki, kadi ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi kama Visa ya kawaida, huhitaji kutafuta mtu mwenye kadi ya benki.

Kumbuka pia kwamba fomu ya kuomba chuo na fomu ya kuomba ufadhili ni vitu viwili. Chuo kinaweza kukutaka ujaze CSS Profile, ambayo nayo ina ada yake, au fomu ya bure ya wanafunzi wa nje iitwayo ISFAA. Angalia kila chuo kinataka ipi. Mtoto aliyetuma Common App vizuri na kusahau fomu ya fedha anaweza kukubaliwa bila senti.

Jambo dogo la mwisho kuhusu Common App, na linakuhusu wewe hasa. Ina nafasi ya shughuli kumi, na kila moja inaelezwa kwa herufi 150 tu, nafasi zikihesabiwa. Watoto wa shule za kawaida huacha nyingi wazi kwa sababu hawakuwa na klabu ya roboti wala safari za nje. Lakini kwenye orodha ya aina za shughuli kuna majukumu ya familia na kuna kazi ya malipo. Duka la mama linaingia hapo. Usiandike "namsaidia mama". Andika unafungua saa ngapi, unahesabu mauzo ya siku kwa njia gani, deni za wateja unaziandika wapi, na kama kuna kitu ulichokibadilisha kikaleta faida. Pale wanapouliza wastani wa alama kwa mtindo wa Marekani, acha kama shule yako haikuukokotoa, usibuni namba. Kuna sehemu ya mitihani ya taifa ya kumaliza sekondari, na KCSE yako inakaa humo, somo kwa somo. Ripoti fomu za kidato cha kwanza hadi cha nne anza kuzitafuta leo, shule nyingi huchukua wiki kuzifukua.

Ukishatuma, kila chuo kitakufungulia ukurasa wake wa kufuatilia, iwe ulipitia Common App au fomu yake. Taarifa yake huja kwa barua pepe na mara nyingi huangukia kwenye takataka. Ufungue, uangalie kila wiki ni karatasi gani bado haijafika.

Wiki hii, basi, usifungue fomu yoyote. Panda matatu uende shuleni, umsalimie mwalimu wa kemia, umuulize kama yuko tayari, kwa vyuo vingapi, na ni siku gani anayoweza kukaa na deputi kwenye kompyuta. Akikwambia, niandikie, pamoja na orodha ya vyuo vyako, nami nitakusaidia kuona vipi vibaki na vipi vitoke.